Nilipima Korido kwa Tepu Iliyokatika

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi marahaba, maana kwenye karatasi mvi hazionekani. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo nusu yake nimeshaitua na nusu bado iko begani, na sikufichi, tangu niitue hiyo nusu nakula nikamaliza sahani na nalala hadi mke wangu ananigusa kuona kama napumua, ila hiyo iliyobaki ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi wa kujenga, nina miaka hamsini na moja, shule niliishia darasa la saba, lakini kujenga nimejenga tangu nina ndevu tatu. Watu wananiita Milimita. Jina hilo nililipata kwa sababu nikiweka mlango haukwaruzi sakafu, na nikipanga vigae mstari wake umenyooka kama uzi wa kimashine, na mimi nililipenda jina hilo, Mshauri, nililipenda kuliko lile walilonipa wazazi, na ndilo lililoniponza.

Miaka mitatu iliyopita niliitwa kujenga chuo kidogo cha ufundi, jengo la chini tu, madarasa matatu upande mmoja, vyoo na stoo upande wa pili, katikati korido, na ukifika mwisho kabisa wa korido, ubavuni, mlango wa ofisi ya mkuu wa chuo. Ramani ilichorwa na dada mmoja mchoraji, mtu makini sana, ambaye baada ya kutukabidhi karatasi alihamia mbali kikazi. Kwenye ramani ile korido ilikuwa na upana wa mita moja na nusu, na kule mwisho, mbele ya mlango wa ofisi, alichora duara la nukta nukta. Mimi duara lile nililitazama sana nikajiambia, hapa watataka pipa la maji. Na kweli jengo lilipokwisha niliwatafutia pipa la bluu, nikaliweka palepale kwenye duara, nikarudi nyuma hatua mbili kulitazama, nikajisifu kwamba mimi ramani naisoma kama gazeti.

Sasa nikuambie kitu ambacho mafundi hatuwaambii wenye nyumba. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na neno lake, "Hesabu ikikukataa, iba koridoni." Maana yake ni kwamba chumba kina mwenyewe, ataleta kitanda chake, na kitanda kikikataa kuingia atakuita urudi, lakini korido haina mwenyewe, hakuna anayelala koridoni, hakuna anayeleta kabati lake koridoni akapima. Kwa hiyo makosa yote ya jengo tunayasukumia huko, kama mtu anayefagia akaacha taka nyuma ya mlango. Ramani ilitaka matofali ya inchi sita, yakaletwa ya inchi tisa, nikasema heri mazito, na hapo kuta mbili zikameza sentimita kumi na tano. Plasta ikala tano. Pembe ya darasa la tatu haikukaa sawa, na badala ya kubomoa nikaisukuma nje sentimita ishirini, meza za useremala zikapata mistari mitatu na kila mtu akanisifu. Kila mara nilijiambia korido itavumilia. Ikavumilia mpaka ikabaki mita moja na sentimita kumi. Arobaini zilikuwa zimekwenda na hakuna aliyezitafuta.

Aliyekuja kuzitafuta ni mwalimu wa ushonaji. Ni mama wa makamo, anatumia kiti cha magurudumu na anakiendesha mwenyewe kwa mikono yake, hataki kusukumwa, ukimshika kiti kwa nyuma bila kumwomba anakuuliza, "Na mimi nikushike kola?" Wanafunzi wanamwita Mwalimu Pindo, kwa sababu pindo lako likipinda upana wa punje ya mchele unafumua unaanza upya, hata kama kengele imelia. Darasa lake liko karibu na mlango mkubwa, kwa hiyo mwanzoni hakupata taabu. Lakini mkuu wa chuo alipostaafu, kamati wakamkaimisha yeye kwa miezi sita, waone kama anaweza, ndipo athibitishwe. Na ofisi ya mkuu ndiyo hiyo ya mwisho.

Kwenda mbele kiti kinakwenda, sikatai. Lakini akifika mlangoni hawezi kukata kona, anasogea mbele, anarudi nyuma, mara saba, mara nane, na pipa langu la bluu limemkodolea macho. Akitaka kutoka hana pa kugeukia, anatoka kinyumenyume korido nzima, mita kumi na nne, wanafunzi wamejibana ukutani, na wale watundu wanapiga mluzi kama wa lori linalorudi nyuma. Mkuu wa chuo, Mshauri, anatoka ofisini kwake kisogo mbele.

Akaandikia kamati kwamba korido ni nyembamba kuliko ramani. Kikao kikaitwa, watu kumi na mmoja, na mimi nikaitwa. Akaja na tepu yake ya nguo shingoni, ile ya kupimia watu viuno, akasema taratibu, "Tepu yangu yote, mwanzo hadi mwisho, ni mita moja na nusu. Korido ni mita moja na nusu kwa mujibu wa ramani. Basi ingetosha ukuta kwa ukuta. Nimeilaza, imebaki inaning'inia."

Mwenyekiti akanigeukia. "Milimita, unasemaje?"

Hapa ndipo, Mshauri, ningekuwa na uwezo wa kufumua siku, ningefumua hii. Tepu yangu ilikuwa imekatika. Mwaka huo bati liliteleza likaikata, sentimita arobaini za mwanzo zikaenda, na sisi mafundi hatutupi tepu kwa kosa kama hilo, tunaanzia ilipobaki na tunatoa arobaini kichwani, uliza fundi yeyote, nusu yetu tunatembea na tepu za namna hiyo. Naapa sikuichukua kwa hila, ndiyo iliyokuwa mfukoni. Nikaiweka ukutani, nikaibana pale ilipokatika kwa dole gumba, mwenyekiti mwenyewe akaivuta hadi ukuta wa pili, akainama, akasoma kwa sauti, "Mia na hamsini!"

Nikafungua mdomo niseme "toa arobaini." Watu wote wameshasikia, wanatikisa vichwa, mjumbe mmoja akanipiga bega akasema, "Ndiyo maana huyu anaitwa Milimita." Nikafumba mdomo. Nilijiona kama mtu aliyevaa nguo ya jirani kutoka kwenye kamba akakuta imemkaa vizuri zaidi kuliko yake.

Na laiti ningeishia kunyamaza. Mwalimu akasema, "Haya, tulaze na hii yangu tuone." Na mimi, kwa mdomo huu ninaolia chakula, nikasema, "Tepu za nguo huvutika, mwalimu. Ndiyo maana kwenye ujenzi hatuzitumii." Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema labda kiti chake ni kipya, hajakizoea. Yeye akajibu, "Tuko wenye viti wawili humu ndani, lakini anayekwama ni mmoja," wakacheka tena, ila walicheka tu, hawakumsikia. Katibu akaandika huku akisoma kwa sauti, "Korido imepimwa, haina kasoro. Mwalimu ajizoeze kuendesha kiti." Nililiona lile neno "ajizoeze" likiandikwa. Kalamu ilikuwa nyekundu.

Miezi minne ikapita. Nikimwona mbali, nabadilisha njia. Wakaanza kusema mwalimu hapendi ofisi, anafanyia kazi za ukuu kwenye meza ya kukatia vitambaa, faili zimejaa nyuzi, na kwamba akithibitishwa itakuwa ni aibu maana mkuu gani hakai ofisini. Mimi nasikia, nanawa mikono, nakula. Siku hizo nilikuwa nakula nusu.

Wiki tatu zilizopita wakaniita nipake rangi korido. Nikaanza kwa msasa. Pale mwisho, karibu na mlango wa ofisi, pande zote mbili za kuta, usawa wa paja, nikakuta michirizi ya kahawia, imepandana, mipya juu ya ya zamani. Nikasema hawa wanafunzi na mikono yao michafu. Nikachovya kitambaa kwenye maji nikafuta, kitambaa kikatoka na wekundu. Nikakitazama, nikakaa chini, nikakalia ndoo ya rangi. Unajua mtu akiendesha kiti kile, vidole vinashika duara la gurudumu kwa nje, na ukuta ukiwa karibu ni vidole vinavyofika kwanza. Mimi siku zote nilikuwa nikihesabu upana wa kiti. Mikono sikuihesabu.

Nikiwa pale nikasikia magurudumu. Alikuwa anatoka ofisini, kisogo mbele, anakuja upande wangu.

"Nani huko nyuma? Nipishe, mwenzio sina kioo cha kutazama nyuma."

Nikasimama na ndoo yangu, nikajibana ukutani, haikutosha, nikajibana tena nikavuta tumbo ndani, haikutosha, ikabidi niingie darasa la tatu kama mwizi anayekimbilia chumba cha watu. Alipofika usawa wa mlango akaniona. Mikononi amevaa glavu za pamba zilizokatwa vidole, amezishona mwenyewe, na kwenye vifundo ameweka viraka viwili viwili.

"Kumbe ni wewe, fundi. Unapaka rangi gani?"

Nikasema, "Mwalimu, korido hii ni mita moja na kumi. Tepu yangu ilikuwa imekatika. Nilijua."

Nilisema hivyo tu, nimeshika brashi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, matusi, machozi, anirushie kitu. Akanitazama, halafu akacheka, Mshauri, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Arobaini," akasema. "Nilijua siku ileile. Ulishika tepu kwa dole gumba lote. Tepu nzima ina kikucha chake cha chuma, kinajishika chenyewe. Mimi nimeshika tepu miaka ishirini na miwili, dole gumba linaloficha nitashindwa kulijua?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema tepu imesema, mkacheka. Niseme na dole gumba limesema?"

Nikaomba msamaha hapohapo, nikapiga magoti kwenye vumbi la msasa. Akaniambia, "Inuka, utachafua suruali na mkeo hana kosa. Hasira nilikuwa nazo, zimechoka kabla yangu. Lakini unataka nikusamehe hapa, mimi na wewe na ndoo ya rangi? Ulinifanya mwongo mbele ya watu kumi na mmoja." Halafu akaniambia jambo lililonifanya nitamani kumbusu mkono kama si viraka vile. Ukuta wa stoo haubebi kitu. Alishamwomba mwanafunzi apande ngazi achungulie juu ya dari, na mbao zote za paa zimekaa kwenye ukuta wa madarasa na ukuta wa nje, ule wa katikati umejengwa baadaye kugawa tu. Vyoo viko upande wa mlango mkubwa na kule havimsumbui. Ukuta wa stoo unaweza kurudi nyuma sentimita arobaini, stoo ipungue, dunia isiharibike. Mimi mjenzi nilikuwa nimesahau ukuta wangu mwenyewe, mshonaji ndiye anayenikumbusha.

Tangu siku hiyo ndiyo nakula sahani nzima. Sasa shida yangu. Chuo kinafunga likizo ya wiki mbili, na kikao cha kumthibitisha au kumwacha kiko mwisho wa mwezi. Mke wangu nimemweleza yote. Amelia kidogo, halafu akasema, "Baba watoto, wewe nenda kwenye likizo, waambie ukuta wa stoo umeingia unyevu, ubomoe, ujenge upya kwa jasho lako, mwalimu apate nafasi yake, na wewe ubaki na jina lako. Unataka wakuite nani? Fundi Arobaini?" Nami naona hakusema vibaya, kwani mwalimu anachotaka si korido? Nisipotangaza nani anaumia? Lakini kila nikilifikiria hilo neno "unyevu" nakula nusu tena. Nishauri, nifiche nijenge, au niseme niaibike?

Wako,
Milimita, kama bado inafaa


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Nimekuzidi, na leo utalijua hilo.

Kwanza nikupe haki yako. Uliona damu kwenye kitambaa na hukuipaka rangi juu. Wapo wengi wangechanganya rangi nzito kidogo wakaendelea na kazi. Wewe ulikaa kwenye ndoo, na mwenyewe alipotokea ulisema bila kuulizwa. Ndiyo maana umepata usingizi, na usingizi huo ni halali yako, sikunyang'anyi. Na mshukuru Mungu kwamba uliyemkosea ni mtu wa kukuambia inuka utachafua suruali. Ungekutana na mimi, ungetoka pale na brashi mdomoni.

Sasa nikuulize. Unasema mwalimu anachotaka ni korido. Nani kakuambia? Barua yako mwenyewe umeiandika, isome. Alikuambia kwa mdomo wake kilichomuuma, kwamba ulimfanya mwongo mbele ya watu kumi na mmoja. Wewe unamletea tofali.

Mkeo anakupenda, na kwa hili amekosea. Ukibomoa kimyakimya ukasingizia unyevu, umeongeza uongo wa pili kuufunika wa kwanza, na wewe unajua kinachotokea ukipiga plasta juu ya plasta mbovu. Zaidi ya hapo, likizo itakwisha, watu watarudi, watakuta korido imepanuka. Watasema nini? Watasema, jamani fundi ana huruma, amempanulia mwalimu njia kwa jasho lake. Utasifiwa! Na yeye atabaki yule asiyejua kuendesha kiti, aliyeonewa huruma, na lile neno "ajizoeze" bado limekaa kwenye daftari la kamati kwa wino mwekundu, likimsubiri mwisho wa mwezi. Mtu aliyesema kweli hapaswi kulipwa kwa huruma. Arudishiwe ukweli wake.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Wewe zako zilikuwa sentimita. Zimetimia.

Haya, sikiliza utakalofanya, na ulifanye kabla ya likizo kuanza. Mwendee mwalimu umwambie unataka kusema mbele ya kamati, umuulize yeye anataka iweje, awepo au asiwepo. Usimpangie. Ulimpangia korido, inatosha. Halafu mwombe mwenyekiti akusanye watu walewale, siyo nusu yao, na mkutane koridoni, siyo ofisini. Nenda na tepu iliyokatika, nenda na tepu nzima, na umwombe mwalimu aje na yake ya nguo. Pima kwa zote tatu, mwenyekiti asome kwa sauti kama siku ile. Kisha useme maneno machache, kwamba tepu ilikuwa imekatika, ulijua, ulinyamaza, na kuhusu tepu ya nguo ulisema uongo. Basi. Usiseme shetani alikupitia, shetani hana dole gumba. Usilie pia, maana ukilia watamwacha mwalimu waje kukubembeleza wewe. Mwombe katibu afute ile sentensi na aandike neno jipya, na usiondoke mpaka uone limeandikwa.

Ndipo ujenge. Mwalimu ametuma mtu achungulie dari na mimi namwamini kuliko wewe, lakini kabla hujapiga nyundo mtafute yule dada mchoraji kwa simu, athibitishe ukuta ule haubebi, na ukiwa naye umuulize lile duara lilikuwa la nini. Mimi si fundi na nimeshalijua, fundi. Ni mahali pa kiti kugeukia. Alikuchorea waziwazi, wewe ukaweka pipa. Pima kutoka plasta hadi plasta, siyo kutoka tofali hadi tofali. Mlango wa ofisi uupanue, ufunguke kwa ndani. Ukitaka kujua kama panatosha, usisukume kiti kitupu ukasema kimepita. Muulize anayekiendesha, na mikono yake ikiwa juu ya magurudumu. Na vijana unaowafundisha kazi, lile neno la mzee wako liishie kwako. Korido ina mwenyewe. Ni yule asiyeweza kupita kwingine.

Kuhusu jina, utaitwa Arobaini, usijidanganye. Watu wanapenda jina zuri. Itika.

Na lile pipa la bluu, fundi, litoe leo, ukimaliza tu kusoma hapa. Hilo halihitaji kikao.


UJUMBE ULIOTUFIKIA WIKI TANO BAADAYE

Mshauri, pipa nililitoa siku ileile, niliacha gazeti wazi mezani.

Kikao kilifanyika koridoni, watu kumi na mmoja wamejipanga mstari mmoja kwa sababu kusimama wawili wawili hawakuenea, na hapo kabla sijasema neno wengine walishaanza kuelewa. Nilisema kama ulivyoniambia. Mwenyekiti akachukua tepu yangu iliyokatika, akaigeuzageuza, akasema, "Na aliyesoma mia na hamsini ni mimi," akamwomba mwalimu radhi kabla yangu, mpaka nikaona nimechelewa. Katibu amefuta, nimeona kwa macho yangu. Mimi naitwa Arobaini na mke wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita, tena akiniletea maji ya kuoga.

Yule dada mchoraji nilimpata kwa simu. Nilipomwambia nililidhania duara ni pipa alinyamaza sana, nikadhani salio limekwisha, kumbe anacheka.

Ukuta nimejenga, na mwalimu ndiye alikuwa msimamizi. Mstari wa tatu wa matofali uliponitoka kidogo, kidogo tu, ambao Milimita angeuacha, alisogea akatazama kwa jicho moja akasema, "Fumua." Nikafumua. Wanafunzi wachache waliobaki chuoni likizo, wakichungulia dirishani, walishangilia kwa sababu siku hiyo si wao.

Tulipomaliza na plasta imekauka, akavua tepu yake ya nguo shingoni, akanipa ncha moja, akashika nyingine, tukailaza ukuta kwa ukuta. Haikufika. Ilibaki nafasi ya vidole viwili.

"Imezidi," akasema.

"Imezidi, mwalimu. Nilihofia plasta."

"Iache."

Ijumaa walimthibitisha. Nilikuwa pale koridoni, karibu na darasa la tatu, napaka rangi ya mwisho, nikamwona anatoka ofisini, akafika pale lilipokuwa pipa, akageuka mzima mzima, halafu akageuka tena mara ya pili bila sababu yoyote. Akaja upande wangu, uso mbele, bila glavu.

"Fundi, nipishe."

Nikasogea kidogo na ndoo yangu, palepale koridoni. Akapita.